Mhandisi Azikwe, Kazi Yake Isizikwe

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kizazi kimoja cha wazee kinatuaga. Ni kizazi cha watu waliozaliwa chini ya utawala wa Mwingereza, wakaiona Tanganyika ikipata Uhuru wake mwaka 1961, wakashika spana, timazi na pimamaji kwa muda wa miaka arobaini au hamsini, kisha wakastaafu na kurudi nyumbani kulea wajukuu, huku wakiendelea kutengeneza kila kilichoharibika kijijini. Wachache kati yao walikuwa wahandisi wenye shahada na vyeti. Wengi walikuwa mafundi wa barabara, wa maji, wa matrekta, wa mashine za kusaga na wa majengo, waliojifunza kazi kwa kuifanya. Wakifariki dunia tunawazika kwa heshima zote: wasifu unasomwa, idadi ya watoto, wajukuu na vitukuu inatajwa, mashada yanawekwa, na waombolezaji wanatawanyika. Wiki mbili baadaye bomba la kijiji linapasuka, na hakuna hata mtu mmoja ajuaye vali yake imefukiwa wapi.

Hiyo ndiyo hasara tunayotaka kuizungumza leo. Kifo cha mzee aliyeshiba miaka ni amri ya Mwenyezi Mungu, wala hakuna awezaye kuizuia. Lakini kuzikwa kwa maarifa yake pamoja naye ni msiba wa pili, na msiba huo tunajiletea wenyewe. Kwa kuwa tunajiletea wenyewe, yatupasa pia kuuondoa wenyewe. Hatutamtaja mzee mmoja kwa jina, kwa sababu wako wengi, na kila msomaji wa Mbulu, Haydom, Dongobesh, Katesh au Basotu anamjua wa kwao.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Mwalimu Julius Nyerere alieleza kwamba Waingereza walipoondoka, baada ya kuitawala nchi hii kwa zaidi ya miaka arobaini, walituachia wahandisi 2 na madaktari 12. Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1957, miaka minne tu kabla ya Uhuru. Kitivo cha Uhandisi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973, na Chuo cha Ufundi cha Arusha, kilicho karibu zaidi na wilaya zetu, kilianza mwaka 1978. Baadaye Hanang ilimtoa Frederick Sumaye, mtu aliyesomea uhandisi wa kilimo, akawa Waziri Mkuu tangu mwaka 1995 hadi mwaka 2005. Lakini kijana wa Mbulu aliyependa vyuma na hesabu katika miaka ya 1950 alikuwa na njia nyembamba mno mbele yake. Akibahatika, alipokewa katika gereji ya serikali au karakana ya misheni, akafagia sakafu, akashika taa wakati fundi mkuu akilala chini ya gari, na kwa macho yake akaiba ujuzi ambao hakuna aliyekusudia kumpa.

Watu wa namna hiyo ndio walioiweka nchi juu ya magurudumu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na baada ya bei ya mafuta kupanda duniani, nchi yetu ilipungukiwa sana na fedha za kigeni. Vipuri havikupatikana. Trekta lililoharibika lingeweza kusimama msimu mzima kwa kukosa kipande cha chuma kisichozidi kiganja cha mtu. Hapo ndipo mtu mwenye mikono alipojulikana. Gasketi ilikatwa katika mpira wa gurudumu kuukuu. Bolti ilichongwa upya. Gari moja lililokufa likagawiwa kwa magari matatu ili yapate kuishi. Watu hawa hawakuandikwa katika vitabu vya hesabu za taifa, wala hakuna aliyehesabu ni magunia mangapi ya mahindi yaliyofika sokoni kwa sababu wao walikesha.

Lugha yetu yenyewe inatufundisha jambo hapa. Neno fundi lina undugu na neno kufunda, na ndugu zake wengine ni mafunzo na mwanafunzi. Maana yake ni kwamba wahenga walipomtazama mtu ajuaye kazi, walimwona pia kuwa mtu aifundishaye. Fundi asiyefunda ni nusu ya fundi. Na jamii inayomwacha fundi wake azeeke peke yake barazani, bila kijana hata mmoja wa kukaa karibu naye, imemfanya awe nusu bila kosa lake.

Wala uhandisi haukuletwa Mbulu na mgeni. Kabla ya boma la Mjerumani, Wairaqw walikwisha kuwa wahandisi wa udongo na wa maji. Katika milima ya Kainam, nchi yao ya asili, walilima miteremko mikali mwaka hadi mwaka bila kuihama. Matuta yalipangwa kwa kuukingama mteremko ili maji ya mvua yapunguzwe mwendo. Majani yalifukiwa udongoni yaoze. Samadi ya ng'ombe waliolala ndani ya nyumba ilibebwa kila siku hadi shambani. Mifereji iliongoza maji ya ziada hadi bondeni. Na mabonde yenyewe yaliachwa yawe malisho. Hata nyumba zao za kale zilikuwa kazi ya akili: zilichimbwa ndani ya ubavu wa kilima, na paa lake la udongo likawa sawa na ardhi, hata adui aliyekuja kuteka ng'ombe aliweza kupita karibu asiione.

Mtafiti wa Sweden, Lowe Börjeson, aliyechapisha utafiti wake juu ya kilimo hicho mwaka 2004, alieleza jambo ambalo wakulima wa Kainam hawakuhitaji kuambiwa: kwamba sehemu kubwa ya kazi ile haikujengwa kwa mpango mmoja mkubwa wala kwa amri ya mtawala. Ilijengwa kidogo kidogo, kwa jembe la kila siku, kila mtu akiongeza kiasi chake juu ya kile alichokikuta. Baba alimwachia mwana shamba, na pamoja na shamba akamwachia namna ya kulitunza. Kama kizazi kimoja tu kingekataa kupokea, mvua za miaka michache zingeuteremsha udongo wote bondeni. Hilo ndilo somo kubwa la milima ya Mbulu: kazi hudumu kwa kupokezana.

Na hapa tunafika kwenye sifa ambayo husomwa katika kila wasifu, nasi tunaipita haraka mno: kwamba marehemu aliipenda jamaa yake. Husemwa kana kwamba ni jambo la pembeni, la kuwafariji wajane na watoto, lisilohusiana na kazi yake. Sisi tunaona kwamba linahusiana sana. Fundi ambaye mtoto wake mwenyewe atalala chini ya paa analolipiga misumari, hapunguzi misumari. Mhandisi ambaye mke wake mwenyewe atateka maji kwenye kisima anachokichimba, haridhiki na kisima kitakachokauka mwezi wa Septemba. Upendo wa nyumbani ndio mkaguzi wa kwanza wa kazi, naye hapokei rushwa.

Tena, katika nyumba nyingi za wazee hawa, karakana ilikuwa ni chumba cha pili cha kulelea watoto. Mtoto alitumwa kuleta spana namba kumi na tatu kabla hajaijua kumi na tatu darasani. Alishikishwa ncha ya kamba ya kupimia, akaambiwa aishike imara, naye akajua kwamba nyumba nzima inaegemea ncha ile. Kigoda cha bibi, kitanda cha mwali, mzinga wa nyuki, dirisha la shule, vyote vilitoka katika mikono ile ile. Wala tusimsahau mama wa nyumba hizo, aliyelima peke yake wakati mumewe akiwa kambini barabarani, akakanda udongo wa kuta, akauza kuku ili msumeno ununuliwe. Jina lake nalo lilistahili kuandikwa juu ya mlango wa kila jengo ambalo mumewe alilisimamisha.

Jirani za Wairaqw, yaani Wabarbaig wa Hanang, ambao ni tawi la Wadatoga, wana desturi inayoonyesha jinsi jamii inavyoweza kuiheshimu maisha ndefu kwa kazi ya mikono. Mzee mwenye heshima kubwa akifariki, jamaa na ukoo wake humjengea kilima cha udongo juu ya kaburi, kiitwacho bung'eda. Hakijengwi kwa siku moja. Ujenzi na sherehe zake huchukua miezi kama tisa, kilima kikiongezwa kimo hatua kwa hatua, na watu wakikusanyika kutoka mbali. Kwa maneno mengine, watu hao hawamkumbuki mzee wao kwa hotuba ya dakika kumi. Wanamkumbuka kwa kujenga, na anayejenga anajifunza ukoo wake, mahali pake na wajibu wake.

Lakini Hanang hiyo hiyo inatuonyesha pia uhandisi usiokuwa na ndugu. Kuanzia mwaka 1970 nchi yetu, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha mpango mkubwa wa ngano katika nyanda za Basotu. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, likawa na mashamba 7 yenye ukubwa wa ekari zipatazo 100,000. Nia ilikuwa njema: taifa lipate mkate wake lenyewe. Matrekta na kombaini kubwa zililima na kuvuna mahali ambapo jembe la mkono lisingeweza, na vijana wengi walijifunza ufundi wa mitambo huko. Hayo tunayakiri. Hata hivyo, ardhi ile ilikuwa malisho ya Wabarbaig, na ndani yake yalikuwamo makaburi ya wazee wao. Mistari iliyonyooka ya plau ilipita juu ya malisho, juu ya njia za kwenda majini, na juu ya baadhi ya vilima vile vya makaburi. Mwaka 1989 Wabarbaig waliandika barua ya wazi kwa wananchi wa Kanada kueleza masikitiko yao. Msaada wa Kanada ulikwisha mwaka 1993, na mashamba hayakuendelea kwa nguvu ile ya mwanzo.

Hatuyasemi haya ili kuwalaumu madereva wa matrekta, ambao walitii amri. Tunayasema kwa sababu mashine ilikuwa hodari, hesabu zilikuwa sahihi, na bado kazi ilikuwa na kasoro. Ilimkosa mtu mmoja wa kuuliza swali dogo: Hapa amelala baba wa nani? Mhandisi aliyelelewa na jamaa, naye akalea jamaa, huuliza swali hilo kabla ya kuwasha mtambo.

Kasoro ya namna nyingine tuliiona katika maji. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka ishirini wa kumpatia kila mwananchi wa kijijini maji safi karibu na nyumba yake ifikapo mwaka 1991. Lilikuwa kusudio la heshima kubwa, na visima vingi vilichimbwa na mabomba mengi yakalazwa. Lakini mwaka 1991 ulipofika, lengo halikuwa limetimia, na miradi mingi nchini ilikuwa imesimama. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi: dizeli, vipuri, fedha. Sababu moja haikutajwa vya kutosha, nayo ni kwamba mradi ulikabidhiwa kijiji bila kukabidhi pia ujuzi wake. Siku ya kufungua bomba walikuwapo wakubwa na ngoma. Siku ya kubadilisha kipande kilichochakaa alikuwapo mzee mmoja na mjukuu wake, kama walikuwapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tumejenga kuta nyingi kwa fedha za wananchi kwa sababu hatukumlipa mzibaji wa ufa.

Yako mambo yaliyo mazito zaidi ya bomba. Tarehe 3 Desemba mwaka 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, na tope, mawe na miti vikateremka juu ya Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Serikali ilieleza kwamba miamba dhaifu ya mlima ilinyonya maji mengi hata ikashindwa kuyahimili. Baadaye waliopoteza makazi walijengewa nyumba zaidi ya 100 huko Waret. Hakuna mtu mwenye haki ya kusema kwamba fundi fulani au mzee fulani angeuzuia mlima usimeguke. Mlima wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400 haushikwi kwa mikono ya mtu. Lakini msiba ule unatutaka tujiulize: ni nani leo, katika kila kijiji kilicho chini ya mteremko, ajuaye maji yalipita wapi katika mafuriko ya zamani, ni korongo gani lililofukiwa likajengwa, na ni kalavati gani lisilotosha? Maarifa hayo yamo vichwani mwa watu wenye umri wa miaka themanini. Kila msimu wa mvua tunaouacha upite bila kuyaandika, tunayapunguza.

Wako watakaotujibu kwamba nyakati zimebadilika: mhandisi wa leo ana kompyuta, ana picha zilizopigwa kutoka angani, na sheria inamtambua. Ni kweli, nasi tunafurahi kwamba ni kweli. Taifa lililoanza na wahandisi 2 leo lina Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1997 baada ya ile ya mwaka 1968, na haifai mtu asiyesajiliwa kutia sahihi michoro ya daraja ambalo mabasi ya watu yatapita. Tena wazee nao walikosea mara nyingine: waliunganisha nyaya kwa namna isiyo salama, walikisia mahali pa kupima. Hatusemi kwamba mkono ushinde hesabu. Tunasema kwamba hesabu inahitaji mtu wa kuionyesha mahali. Picha ya kutoka angani inaonyesha mto ulipo leo. Mzee anaonyesha ulikokuwa siku ile ulipoyachukua maboma matatu. Mhandisi kijana anayekataa kuketi na mzee huyo kwa nusu siku anapoteza kipimo ambacho hakuna chombo kitakachompa.

Basi, tufanye nini? Yako mambo manne, wala hayahitaji fedha za kigeni.

La kwanza, kila kijiji kiwe na daftari la kazi. Liandikwe kila bomba limepita wapi, vali ziko wapi, kisima kina kina gani, kalavati lilijengwa mwaka gani na lilizidiwa na mvua mwaka gani, na nani alilijenga. Mwalimu wa shule na wanafunzi wake wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa kuwatembelea wazee Jumamosi. Daftari hilo likae ofisi ya kijiji, na nakala yake ipelekwe wilayani.

La pili, kila fundi mstaafu mwenye nguvu ya kusema akabidhiwe vijana wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Samaki mkunje angali mbichi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ina utaratibu wa kuupima na kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Vijana hao wapelekwe wakapimwe, wapate cheti, ili wasiishie kuitwa vibarua maisha yao yote.

La tatu, vyombo vya maji vya jamii, vinavyofanya kazi chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini ulioanza mwaka 2019, vitenge fedha za matengenezo kabla ya fedha za posho, na fundi alipwe siku ile ile anayofanya kazi. Mtu anayeitwa usiku wa manane kuokoa pampu ya watu elfu mbili, kisha akaambiwa asubiri kikao, hatarudi mara ya pili, na mwanawe hatataka kuurithi ufundi wake.

La nne, ndugu viongozi na wafanyakazi, tubadili namna ya kuwasifu marehemu wetu. Katika wasifu wa mhandisi au fundi, pamoja na idadi ya vitukuu, yasomwe pia majina ya wale aliowafundisha kazi. Wasimame, waonekane. Kama hakuna anayesimama, aibu hiyo isiwe ya marehemu. Iwe yetu sisi tuliosalia.

Kuishi miaka mingi ni zawadi, na kuishi miaka mingi ukiwa na mikono inayofaa na nyumba inayokupenda ni zawadi kubwa zaidi. Wazee wa Mbulu na Hanang waliopewa zawadi hiyo hawakuiweka kibindoni. Waliitumia kwa barabara, visima, mashine na watoto wa wenzao. Wako ambao bado wamekaa barazani hivi sasa, macho yamepungua nguvu, kisanduku cha vyuma kiko chini ya kitanda. Tusisubiri tangazo la msiba ndipo tuwatembelee. Twende leo, na daftari mkononi.